Kumuua kiongozi aliye hai kwenye muvi: ni sanaa au wamevuka mpaka?

Tuanze na muvi yenyewe maana wengi wanaibishania bila kuiona. The Interview ni komedi ya Sony Pictures ya mwaka 2014, ndani wapo Seth Rogen na James Franco, wanacheza watu wa kipindi cha TV waliopata bahati ya kwenda kumhoji Kim Jong-un, kiongozi wa Korea Kaskazini, sasa CIA, majasusi wa Marekani, wakisikia hivyo wanawafuata na kuwaambia mkishafika huko mmalizeni kwa sumu. Mwishoni mtangazaji akiwa kwenye kifaru anaitungua helikopta ya Kim na kamera wala haigeuki, inakuonyesha moto unavyompata jamaa. Na hapa hatuongelei dikteta wa nchi ya kutunga, ni Kim Jong-un kwa jina lake, nywele zake na nchi yake, mtu aliye hai na aliye madarakani.

Korea Kaskazini walikasirika tangu Juni mwaka ule, muvi hata haijatoka, wakasema kuiachia ni kitendo cha vita na wakapeleka barua mpaka Umoja wa Mataifa. Novemba wadukuzi wakaingia kwenye kompyuta za Sony wakazoa kila kitu, Desemba wakatishia kumbi za sinema huku wakiwakumbusha watu mashambulizi ya Septemba 11, kumbi kubwa zikajitoa moja baada ya nyingine na Sony wakafuta uzinduzi. Obama akasema hadharani kwamba Sony wamekosea, haiwezekani dikteta akae kwake huko halafu aamue Wamarekani waangalie nini. FBI, wapelelezi wa Marekani, wakasema ni Korea Kaskazini waliofanya, wenyewe wakakana. Mkesha wa Krismasi muvi ikatoka mtandaoni na siku ya Krismasi kwenye kumbi ndogo ndogo, na kwa zile kelele zote ndani ya wiki chache ikawa imeingiza zaidi ya dola milioni 30 mtandaoni tu.

Sasa wanaoitetea wana hoja nzito, tena mi naikubali sehemu kubwa. Kim si rais wa kawaida ambaye magazeti ya kwao yanamchora katuni asubuhi na jioni anapigiwa kelele bungeni. Kule kumcheka tu kunaweza kukuingiza kambini na ukoo wako. Wapo Wakorea Kaskazini waliotorokea Kusini waliotaka muvi hii ifike kwao kwa nguvu zote, wakawa wanafunga DVD na flashi kwenye baluni wazirushe kuvuka mpaka, maana waliamini mtu aliyelelewa akiambiwa kwamba ukoo wa Kim ni kama miungu akimwona Kim analia na kujichafua mbele ya kamera, kitu kitavunjika kichwani mwake. Hao ndio wenye machungu na utawala ule na wao hawakuona muvi imezidi. Halafu kuna hili, ukikubali kiongozi akikasirika muvi ifutwe basi kesho kila ikulu itakuwa na orodha yake, na watakaofuata ni waandishi na wachoraji ambao hawana mawakili wa Sony.

Kwa hiyo kufuta haikuwa sawa. Ila kusema haikupaswa kufutwa sio kusema iko safi, na hapa ndipo naachana na wale wanaosema jamani ni komedi tu.

Shida yangu sio heshima ya Kim, heshima yake ataipigania mwenyewe. Shida ni kile muvi inachosema kuhusu kuua. Pale jamaa akishakufa kwa moto, muda mfupi tu mambo yamenyooka, nchi inaelekea kwenye demokrasia, steringi karudi nyumbani salama, basi. Mtu wa ukanda wetu huu anaangaliaje kitu kama hicho akacheka tu? Zanzibar tulimpoteza Mzee Karume pale Kisiwandui Aprili 1972, na miaka iliyofuata ilikuwa ya kesi na hofu. Burundi walimuua Ndadaye Oktoba 1993, rais wa kwanza kuchaguliwa kidemokrasia, miezi michache tu tangu aapishwe, na vita vilivyofuata vikala zaidi ya miaka kumi, waulize waliokulia kwenye kambi za wakimbizi Kigoma. Aprili 1994 ikadunguliwa ndege iliyowabeba Habyarimana wa Rwanda na Ntaryamira wa Burundi, marais wote wawili, pale Kigali, na yaliyofuata yanajulikana dunia nzima. Sisemi kifo cha kiongozi ndio chanzo pekee cha hayo yote, chuki ilikuwa imeshaandaliwa muda mrefu, nasema tu kote huko hakuna mahali risasi au bomu liliua mtu mmoja halafu nchi ikaamka asubuhi iko shwari. Na nchi inayozungumziwa hapa ina mabomu ya nyuklia!

Ndio maana ukiniuliza, muvi nyingine iliyotukanwa zaidi mi naona ilikuwa na haki zaidi. Mwaka 2006 Mwingereza Gabriel Range alitengeneza Death of a President kwa ajili ya Channel 4, kituo cha TV cha Uingereza, imekaa kama makala ya habari kabisa, inaonyesha George W. Bush anapigwa risasi Chicago Oktoba 2007, na sura ya Bush mwenyewe wakaipandikiza kwa kompyuta kwenye mwili wa mwigizaji. Inatisha kuliko ile ya Kim maana inafanana na kweli. Lakini humo ndani hakuna anayeshangilia, kifo kinaleta sheria kali zaidi, makamu wake Cheney anashika nchi, Msyria anafungwa kwa kosa ambalo si lake na ushahidi unaelekea kwa mtu mwingine kabisa, baba wa mwanajeshi aliyefia Iraq. Kiongozi ameuawa na deni linalipwa na watu wadogo. Hiyo ni muvi inayojua uzito wa kitu ilichokigusa.

Na watu wadogo ndio walioumia hata Sony. Namba za utambulisho na taarifa za siri za maelfu ya wafanyakazi na waliowahi kufanya kazi pale zilimwagwa hadharani, watu wa uhasibu na ofisini ambao hawakuandika hata mstari mmoja wa ile skripti. Wa kulaumiwa ni wadukuzi, hilo halina mjadala. Ila mabosi walijua wanagusa moto, barua pepe zilizovuja zilionyesha bosi mkuu wa Sony kule Japani aliomba kile kifo kipunguzwe makali, wakabishania moto uonekane kiasi gani kwenye uso wa Kim, jina likabaki lile lile. Chaplin mwaka 1940 alimchana Hitler akiwa hai na akiwa na nguvu zote, kwenye The Great Dictator akampa jina la kutunga, Hynkel, na hakuna aliyejiuliza anasemwa nani.

Kuna kitu kimoja bado kinanikera. Ile ya Bush ilipofika Marekani kampuni kubwa za kumbi, Regal na Cinemark, ziligoma kuionyesha, Regal wakisema haifai kuonyesha mauaji ya rais aliye madarakani, awe wa chama chochote. Miaka minane baadaye kumbi hizo hizo zilikuwa zimejipanga kuionyesha ile ya Kim msimu wa Krismasi, na zilipojitoa zilisema ni usalama wa wateja, sikusikia hata mmoja akirudia ile sababu ya 2006.