Kila Mtu Ameulizwa Isipokuwa Spika

Atakayeniambia tena hapa Kampala kwamba spika zangu zimezeeka na kwamba ninunue sabwufa yenye taa, naomba kwanza aje anisaidie kuzibeba. Leo nimerudi nazo kutoka Katwe, mtaa wa mafundi, na mwenye bodaboda alidai nauli ya abiria wawili kwa hoja kwamba kila moja ina uzito wa shemeji yake.

Spika zenyewe ni za Kiingereza, za omu 15 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), za enzi ambayo amplifaya ya nyumbani ilikuwa ya valvu, zile chupa za kioo zinazowaka kama balbu. Nilizipeleka kwa fundi pamoja na amplifaya mbili, ya valvu yenye wati 15 na ya transista yenye wati 50, ili tujue ipi inazifaa. Fundi aliunga ya valvu, akafungulia kadongo kamu, muziki wetu wa gitaa, hadi bati la kibanda likatetemeka, kisha akaunga ya transista na kuupiga wimbo uleule kwa sauti ya mtu anayeomba mkopo. Hapo akaugeukia umati, maana Katwe umati haualikwi, akauliza ipi tamu. Wote wakasema valvu. Nikaomba, kwa adabu yote ya mtu aliyevaa koti, kwamba tusawazishe sauti kwa voltimita, kwa sababu sikio huisifu inayolia kwa nguvu zaidi hata tofauti ikiwa ndogo. "Mzee," akanijibu, "mita ni masikio yangu." Muuza rolex, yaani chapati iliyoviringishiwa mayai, huku akigeuza chapati, akafafanua kwamba valvu huupasha muziki moto, ndiyo maana unaiva.

Nikaeleza. Amplifaya nyingi za valvu zina transfoma ya kutolea sauti yenye ncha za omu 4, 8 na 16, kwa hiyo spika ya omu 15 hupata karibu wati zote. Ile ya transista yenye wati 50 kwenye omu 8 hubakiwa na kama wati 27 kwenye omu 15, na wala haijaharibika. Isitoshe, transista huibana koni, ile sehemu ya spika inayotikisika, isichezecheze ovyo, ilhali valvu huilegezea kidogo, na mafundi wengi wa zamani walipopima makasha yao walilihesabu hilo; ndiyo maana besi ya spika kama hizi inaweza kusikika imekonda ikipewa transista. Lakini si kila spika ya kale hupenda valvu. AR-3 ya Marekani, ya mwaka 1958, yenye kasha lililozibwa, ni ya omu 4 na ni mlafi wa wati. Spika inayotoa sauti ya desibeli 96 kwa wati 1 hutosheka na wati 10 pale ambapo ya desibeli 84 inadai 160! Sasa asiyeijua namba hiyo anabishania nini? Anabishania nini, jamani?

Hawakunisikiliza, kwa kuwa kijana mmoja alikuwa ameshachomoa waya wa spika ili auone unaelekea wapi, valvu zinawaka na muziki unapigwa. Amplifaya ya valvu ikisukumwa bila spika inaweza kuunguza transfoma yake. Nilipiga ukelele ambao haukulingana kabisa na lile koti.

Nyumbani nako yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, inaisha. Valvu nne za aina ya EL34 hula karibu wati 38 kwa kupasha nyuzi zake tu, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, na mke wangu ameshaipiga hesabu hiyo kwa sauti.

Tena kile kifuniko cha mviringo katikati ya koni, kuna mtoto aliyewahi kukiona asikibonyeze? Changu cha kushoto kilibonyezwa Sikukuu ya Idi na mtoto wa mgeni, baba yake akimsifu kwa udadisi. Fundi amekivuta nje kwa selotepu, kikatoka nusu, na pesa ameitaka nzima.