St Helena: uwanja wa ndege wa pauni milioni 285 kwa watu elfu nne

St Helena, eneo la ng'ambo la Uingereza katikati ya Atlantiki ya Kusini, ina wakazi elfu nne na ushei. Uwanja wake wa ndege uliigharimu Serikali ya Uingereza takriban pauni milioni 285. Ukigawanya, kila mkazi anaangukiwa na zaidi ya pauni 60,000, watoto wachanga wakiwemo.

Wanaosema fedha hizo zilipotea hawasemi ovyo. Uwanja ulikuwa ufunguliwe Mei 2016. Mwezi mmoja kabla, ndege ya majaribio ilikumbana na upepo unaobadilika kasi na mwelekeo ghafla karibu na genge ilipo njia ya kutua, na ufunguzi ukaahirishwa. Inauma zaidi kwa sababu upepo huo haukuwa siri: Charles Darwin alipita hapo mwaka 1836 na kuulalamikia. Desemba 2016 kamati ya hesabu za serikali ya bunge la Uingereza ikatamka kwamba wizara husika imewaangusha wakazi wa kisiwa na walipa kodi.

Safari za kawaida kutoka Johannesburg zilianza Oktoba 2017, kwa ndege aina ya Embraer isiyojaza viti vyote kwa sababu ya usalama: abiria 76 basi. Mradi ulitetewa kwa matarajio ya watalii karibu 30,000 kwa mwaka baada ya miongo michache. Ndege moja kwa wiki haifikishi hata abiria 4,000 kwa mwaka, na humo wamo wenyeji wanaorudi kwao. Kwa hesabu ya utalii peke yake, wapinzani wameshinda.

Lakini hesabu ya utalii ndiyo iliyopaswa kutumika? Kabla ya hapo, njia kuu ya kufika ilikuwa meli ya RMS St Helena, siku tano kutoka Cape Town. Mgonjwa mahututi aliingoja. Meli yenyewe ilikuwa imezeeka na iliendeshwa kwa ruzuku kila mwaka, hivyo bila uwanja Uingereza ingelazimika kununua nyingine na kuendelea kulipa. Upweke huo wa kisiwa ndio uliokifanya gereza la dola: alifungwa Napoleon, na karne moja baadaye akapelekwa huko Sayyid Khalid bin Barghash, aliyedai usultani wa Zanzibar.

Riziki ya kisiwa imekatwa mara kadhaa na maamuzi ya mbali. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa 1869, meli zilizokuwa zikitia nanga Jamestown, mji mkuu wa kisiwa, kuchukua maji na vyakula zilipungua sana. Likaja zao la nyuzi za kusokotea kamba, nalo likafa 1966, Posta ya Uingereza ilipohamia nyuzi za viwandani. Watu wa Tanga, walioshuhudia mkonge ukiporomoka mbele ya nailoni, hawahitaji kuelezwa zaidi.

Kwa hiyo naona uwanja ulistahili kujengwa, ila ulitetewa kwa hoja dhaifu. Tena haujagusa bei za dukani: mchele, saruji na vipuri bado vinakuja kwa meli ya mizigo kutoka Cape Town, na mlaji ndiye anayebeba nauli.

Ningefuatilia zaidi kebo ya intaneti ya Equiano, iliyoanza kuhudumia kisiwa mwaka 2023 baada ya miaka mingi ya kugawana setilaiti. Tangu uraia kamili wa Uingereza uliporejeshwa mwaka 2002, vijana wengi wameondoka kutafuta kazi huko, mbali na wale walio kwenye visiwa vya Ascension na Falkland. Mhasibu anayeweza kumhudumia mteja wa London akiwa Jamestown hukatwa kodi pale pale, hununua samaki pale pale, na watoto wake hujaza madarasa ya pale pale. Watalii wa wiki moja hawawezi kufanya hivyo, hata wangefika hao 30,000.