Matundu ya Boneti Yasichekwe Yote

Kwenye gereji za Mwanga mjini Kigoma, na za Tabora pia, ubishi huu hauishi. Kijana kabandika matundu ya plastiki juu ya boneti ya Probox, fundi injini anamwambia huo ni urembo mtupu, kwa sababu injini inapozwa na maji. Kwa matundu ya kubandika, fundi yuko sahihi. Kipande cha plastiki kilichoshikwa na tepu ya pande mbili juu ya bati lisilotobolewa hakipitishi hewa hata chembe. Shida ni kwamba kicheko hicho sasa kinawafuata hata waliotoboa bati kweli, mahali panapofaa, na hao wana hoja ambayo mafundi wengi hawajaisikiliza mpaka mwisho.

Ni kweli maji ndiyo yanayobeba joto kutoka kwenye silinda. Lakini yanalipeleka kwenye rejeta, na rejeta inalikabidhi kwa hewa. Hewa hiyo ikishapita lazima ipate pa kutokea. Chumba chenye dirisha moja hakiingizi upepo hata kama nje unavuma. Kwenye magari mengi hewa hiyo hutoka kwa chini, ikipigana na injini, giaboksi na upepo unaopita chini ya gari. Kinachoisukuma kupita kwenye rejeta ni tofauti ya mgandamizo kati ya mbele ya grili na nyuma ya feni. Ukipunguza mgandamizo wa nyuma, hewa nyingi zaidi inapita bila kugusa grili wala kubadili rejeta. Waliotengeneza Mercedes-Benz 300 SL ya 1954 waliweka matundu ubavuni kwa kazi hiyo hiyo ya kutoa hewa ya moto. Kwa upande wa pili, Buick walianza mwaka 1949 kuweka matundu ya duara kwenye fenda, na kwa miaka mingi yakabaki kuwa alama tu ya gari lao. Kwa hiyo tangu zamani yamekuwepo ya kazi na ya sura.

Kosa kubwa la wanaotoboa ni kuiga mdomo wa Subaru Forester yenye turbo. Mdomo ule unatazama mbele na unapeleka hewa kwenye intakula, yaani kipozeo cha hewa ya turbo, iliyolala juu ya injini. Unaingiza, hautoi. Ukiufungua kwenye gari lisilo na turbo, gari likikimbia unajaza hewa nyuma ya rejeta, yaani unaongeza mgandamizo pale pale ulipotaka upungue. Kosa la pili ni kutoboa karibu na kioo cha mbele, au kuweka vipete vya chuma (washa) kwenye bawaba ili boneti iinuke kwa nyuma. Upepo ukigonga kioo hubanana chini yake, ndiyo maana tundu la kuingiza hewa safi ndani ya gari liko hapo kwenye waipa. Gari likiwa kwenye mwendo, tundu la hapo huelekea kuvuta hewa ndani badala ya kuitoa, na likisimama, harufu ya moshi na oili huingia kwa abiria.

Sehemu yenye faida ni theluthi ya mbele ya boneti, mara tu baada ya rejeta. Upepo unaopanda kutoka kwenye bampa unapinda pale, unaongeza kasi, na mgandamizo unashuka. Ila boneti hazifanani, kwa hiyo upime kabla ya kushika grainda. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha, kama mita nne, ukunje katikati kama herufi U na uweke maji kidogo ya rangi. Ncha moja ibandike juu ya boneti mahali unapotaka kutoboa, ilale bapa na tundu lake litazame ubavuni, lisitazame upepo. Ncha ya pili ining'inie kati ya feni na injini, mbali na belti. Sehemu yenye maji ipitishe dirishani, ashike abiria mwenye rula. Dereva aangalie barabara. Maji yakipanda upande wa ncha ya boneti, tundu litatoa hewa. Yakipanda upande wa injini, tundu litaingiza, achana nalo.

Rula hiyo ndiyo itakayoonyesha jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Nguvu ya upepo haiongezeki sawa na mwendo, inaongezeka kwa mraba wake. Kwa hewa ya Tabora, ambayo ni nyepesi kuliko ya pwani, upepo wote wa km 80 kwa saa una nguvu ya kuinua maji milimita 26 hivi. Kwa km 25 kwa saa unabaki milimita 2 na nusu tu, karibu sehemu moja ya kumi. Ina maana tundu zuri linaweza kusaidia kwenye lami ya Tabora–Urambo, gari limejaza, jua la Oktoba kichwani, na mwendo umefika 80. Gari hilo hilo likipanda kuelekea Manyovu kwa gia ya pili na magunia nyuma, upepo wa kulisaidia karibu haupo. Pale feni ndiyo inayofanya kazi, na tundu linaipunguzia feni mzigo kidogo tu wa kusukuma hewa itoke. Wanaosema joto litapanda lenyewe juu wanasahau udogo wa nguvu hiyo: hewa ya nyuzi 80 chini ya boneti, nje ikiwa 32, haifikii hata sehemu ya kumi ya milimita moja ya maji. Nguvu hiyo husaidia pale tu injini imezimwa na feni imesimama, wakati joto limenaswa likipika mipira na waya. Na kwa mwenye gari la zamani linalozimwa na kuwashwa kila kituo, hiyo si faida ya kudharau.

Sasa hoja ya fundi, kwa haki yake. Tabora iko kama mita 1,200 juu ya bahari na maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96. Mfuniko wa rejeta wenye alama ya mgandamizo ya 1.1 ukiwa mzima unasogeza kiwango hicho hadi nyuzi 120 hivi. Mpira wa mfuniko ukikatika, umepoteza nyuzi 24 ambazo hakuna tundu litakalozirudisha. Halafu kuna kava la feni lililovunjika, sponji za pembeni mwa rejeta zilizotoka hewa ikawa inazunguka badala ya kupita, mbegu za nyasi kati ya kondensa ya AC na rejeta, na kava la chini ya injini lililong'olewa na mashimo ya barabara. Kuitoa moja kwa moja thamostati, vali inayodhibiti joto la maji, nako si dawa. Gari likichemsha, anza na hayo. Na thamostati ikiwa bado inadhibiti, maji yatabaki kwenye joto lake lile lile, uwe na tundu au usiwe nalo. Kinachoshuka ni joto la hewa chini ya boneti. Tundu linaongeza akiba, halitibu ugonjwa.

Ukishapima na kuridhika, fungua boneti uangalie mbavu za chini. Usikate ubavu hata mmoja, ndizo zinazoishika boneti na kuifanya ikunjike vizuri kwenye ajali. Matundu mawili ya sm 30 kwa 6 ni sm za mraba 360. Kwa rejeta ya sm 60 kwa 35 hiyo ni kama sehemu ya sita. Ya vidole viwili hayabadilishi kitu. Toboa kona kwanza kwa drili ya milimita 6 ndipo ukate, vinginevyo bati litapasuka kwa mtikisiko. Piga tupa, paka praima ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, na midomo itazame kioo. Mvua za Kigoma zitapita humo, kwa hiyo angalia kilicho chini: kama ni alteneta au koili, funga kibati cha kukinga maji kwa chini au weka mfuniko wa kufunga masika.

Kisha pima joto kwa skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ulinganishe na kabla ya kutoboa: njia ile ile, mzigo ule ule, saa ile ile ya mchana. Usitegemee sindano ya dashibodi, kwani kwenye Toyota nyingi hutulia katikati huku nyuzi zikipanda na kushuka, na nyingine ndogo hazina sindano, zina taa ya bluu na nyekundu tu. Wenye Hiace na Noah za zamani waache grainda chini kabisa, injini zao ziko chini ya viti.