Dada poa wa Tanga anabonyeza kitufe gani?

Najua nitaambiwa Ulaya imeniharibu. Semeni tu. Hapa Ubelgiji, tangu tarehe 1 Desemba 2024, anayefanya biashara ya ngono kwa ridhaa yake anaweza kuwa na mkataba wa ajira kama mfanyakazi mwingine: likizo ya uzazi, malipo akiugua, pensheni. Akimkataa mteja, au akiamua kukatisha katikati, bosi haruhusiwi kumfukuza kwa sababu hiyo. Chumba anachofanyia kazi lazima kiwe na kitufe cha kuitia msaada.

Siwaambii wana Tanga tuige sheria ya Wabelgiji. Hata huku haijamaliza aibu. Wengi wamejiajiri, kwa hiyo mkataba hauwahusu, na wapo ambao majirani wanadhani wanafanya usafi maofisini. Mimi nimeng'ang'ania kitufe tu. Dada poa wetu akizidiwa gesti, anabonyeza wapi?

Chukulia msichana wa baa pale Ngamiani. Wamekubaliana bei, wamekubaliana kondomu, kufika chumbani jamaa kabadilika: kampiga, kamlazimisha bila kinga. Hapo ana saa 72 za kuanza PEP, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, na anavyochelewa ndivyo zinavyopungua nguvu. Hospitali anaulizwa PF3, fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa. PF3 iko polisi. Anafika kaunta, uso umevimba, watu wamejaa kwenye benchi, anaulizwa kwa sauti: "Unafanya kazi gani? Gesti saa nane za usiku ulifuata nini?" Akisema kweli, anaweza kugeuka mtuhumiwa yeye, maana kifungu cha 176 cha Kanuni ya Adhabu kimemweka kahaba anayetafuta wateja hadharani kapu moja na ombaomba. Akidanganya, maelezo hayashikani. Basi anarudi chumbani kwake, anajikanda maji ya moto, anameza Panadol. Kesho jioni yuko baa, na yule mwanamume pia yuko baa, anachagua mwingine. Anajua hakuna atakayemshtaki.

Rafiki yangu mmoja, dada poa tuliyekua naye Makorora, aliwahi kwenda zahanati moja kwa ugonjwa wa zinaa. Nesi akamwita mwenzake mlangoni: "Njoo umwone huyu, karudi tena." Tangu siku hiyo hajakanyaga. Dukani anaagiza "rangi mbili", yaani antibiotiki, anakunywa vidonge vinne vitano, maumivu yakipoa anaacha. Dozi haimalizwi, ugonjwa haujapona, anaendelea na kazi. Wateja wake, tusijifanye hatujui, ni waume wa watu.

Mtasema aache hiyo biashara. Sawa, aache, na anayeweza kumpa mtaji ampe. Lakini zile saa 72 hazimsubiri mpaka apate mtaji.

Nchini kwetu tayari kuna Vituo vya Mkono kwa Mkono katika baadhi ya hospitali: daktari, polisi na ustawi wa jamii mahali pamoja, aliyefanyiwa ukatili asizungushwe mjini na majeraha yake. Huo utaratibu ni mzuri, na sikuutoa Ulaya. Ninachodai ni kwamba dada poa akiingia pale apimwe na apewe dawa kwanza, mlango ukiwa umefungwa, na swali la kazi yake liulizwe baadaye kama kuna ulazima.