Kabla ndege haijawamwagia ndege sumu

Mpunga ukifika hatua ya maziwa huku Chekereni na Mabogini, Moshi, kilio ni kile kile, kwelea kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, wameingia, ileteni ndege imwage sumu. Mkulima mi simlaumu hata kidogo, anaamka alfajiri kuamia, debe mkononi, mikanda ya kaseti kafunga jaruba zima inalia kwa upepo, na bado akigeukia huku wanatua kule.

Hesabu inayotajwa sana ni ile ya gramu 10, kwamba kwelea mmoja anakula kiasi hicho cha nafaka kwa siku. Sawa, kundi la milioni moja ni tani 10, yaani magunia 100 ya kilo mia mia yamekwenda kwa siku moja, inatisha bana. Ila hapo umechukulia kila punje imetoka kwenye jaruba lako, wakati chakula chake hasa ni mbegu za majani ya porini, shambani anahamia zile zikimwishia au mvua ikizifanya ziote. Gramu 10 ni chakula cha ndege cha siku nzima popote alikokipata, sio hasara ya shamba, na kila msimu watu wanavichanganya.

Sasa anayesahaulika ni ndege mwingine, yule mdogo wa njano anayetikisatikisa mkia, kwa Kiingereza yellow wagtail, utamkuta juu ya tuta au miguuni mwa ng'ombe anadaka wadudu wanaokurupushwa na kwato. Anazaliwa huko Ulaya na Asia, anavuka Sahara, anakaa kwetu Oktoba mpaka Aprili, na Uingereza kapungua mpaka wamemweka orodha nyekundu ya ndege walio hatarini. Mpunga hagusi. Kosa lake ni kulala kwenye matete, humo humo wanamolala kwelea, na sumu inamwagwa jioni wakishatulia. Fenthioni, ndiyo sumu yenyewe, haiulizi nani kala nini, inashika mishipa ya fahamu ya wote, na ya bundi atakayekuja kuwala, na kuna watu wanaokota wale waliokufa wakakaange, tuyaache hayo.

Kondoa wao wanawatega kwelea wanawala. Najua nyavu hazimalizi kundi la milioni, na mwenye deni la mbolea hawezi kungoja, kwa hiyo sisemi ndege isije kabisa, nasema kabla haijaruka mtu ashuke kwenye matete saa kumi na mbili jioni aone nani kalala humo, akikuta hao wa njano wengi hapo zitumike nyavu. Mbona watoto wanaoamia wanajua, nilimuuliza mmoja mwenye manati kwa nini huyu humpigi, akaniangalia kama mjinga, "huyo si hali mpunga".