Hadithi iliyomaliziwa na mkono mwingine

Jumapili usiku nilimaliza juzuu ya 14, ya mwisho, ya The Wheel of Time (Gurudumu la Wakati), mfululizo wa riwaya za ulimwengu wa kubuni, na usingizi ukanikataa. Nje upepo wa Agosti ulikuwa unapigapiga bati la jirani hapa Nkuhungu, Dodoma, vumbi likipenya chini ya mlango. Mwandishi wake, Robert Jordan, amenizoesha upepo: sura ya kwanza ya kila juzuu inaanza na upepo unaoinuka mahali fulani, ukapita milima na mashamba mpaka umkute mtu ambaye hadithi inamhusu. Nimesoma hivyo miaka mitatu. Sasa ukivuma huu wetu nangoja uniletee mtu.

Asiyetaka kujua mwisho aishie hapa.

Jordan alitoa juzuu ya kwanza mwaka 1990, akafariki Septemba 2007 akiwa amechapisha 11. Mkewe Harriet McDougal, ambaye ndiye aliyekuwa mhariri wake, akamchagua mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, amalizie. Kitabu kimoja kilichobaki kikazaa vitatu, cha mwisho kikatoka Januari 2013. Rafiki zangu wawili wanashikilia kwamba hadithi ilipaswa kuzikwa na mwenyewe. Nawapinga kwa moyo wangu wote.

Bibi yangu mzaa mama, kule Bahi, alikuwa na hadithi ya mtoto mchunga mbuzi iliyochukua usiku mwingi. Tukishakula ugali wa uwele na mlenda anasema "Hadithi, hadithi", nasi tunaitika "Hadithi njoo!" Aliugua kabla hajaifikisha mwisho. Baada ya matanga, mama mdogo aliyekuwa akimuuguza akatuita kitandani kwake akaendelea pale pale bibi alipoishia, maana alikuwa ameambiwa yaliyobaki. Bibi alikuwa akiimba sehemu za ndege. Mama mdogo alizisema tu. Usiku wa kwanza tulinung'unika, wa pili tukasikiliza.

Jordan naye alijua ugonjwa wake hautamwacha. Aliwasimulia watu wa nyumbani kwake yatakayotokea, akaacha maandishi, na sehemu ya kurasa za mwisho kabisa aliiandika mwenyewe. Sanderson alipokea amana. Kuiacha ikaoza kwenye makabati ndiko kungekuwa kumkosea marehemu.

Mikono haifanani, nakubali. Mat, mmoja wa vijana wa hadithi hii, katika juzuu ya 12 anajitutumua kuchekesha, wakati Mat wa Jordan alichekesha bila kujua. Padan Fain naye, mtu mwovu anayetusumbua tangu juzuu ya kwanza, anauawa katika kurasa chache kama mtu aliyekumbukwa mlangoni. Hilo liliniuma. Lakini kasoro kubwa kuliko zote ni ya Jordan mwenyewe. Perrin, kijana mwingine wa hadithi, anaporwa mke juzuu ya 8 na kumpata juzuu ya 11! Juzuu ya 10 watu wanakunywa chai, wanabadili magauni, wanatafakari habari za juzuu iliyopita. Wapo wanaoutetea mwendo huo kwamba safari ndefu ina nyika zake. Mimi siutetei. Nilikiweka kitabu miezi minne, na kama si Egwene, msichana niliyetaka kujua mwisho wake, ningeachana nacho kabisa.

Kilichonirudishia imani ni mlima. Rand, mchunga kondoo aliyeambiwa kwamba ulimwengu unamtegemea, amekuwa mgumu kama jiwe. Hacheki, halii, karibu amuue baba yake mwenyewe aliyemlea. Anapanda juu ya mlima akiwa na nguvu za kuteketeza kila kiumbe, na kuna sababu inayomvuta kufanya hivyo: ikiwa watu wanazaliwa tena na tena ili wateseke vile vile, kwa nini gurudumu la wakati liendelee kuzunguka? Kisha jibu linamjia, ni dogo kabisa: labda tunarudi ili tupate nafasi ya kupenda tena. Akacheka, baada ya muda mrefu mno. Nilisoma hapo nikiwa kwenye daladala, nikapitilizwa kituo changu, nikarudi kwa miguu juani nikiwa nalia. Sura hiyo imo katika juzuu ya 12, ya kwanza kutoka baada ya Jordan kufa. Anayesema ilipaswa kuzikwa anieleze tungezika na hii pia?

Vita vya mwisho vina sura moja yenye maneno zaidi ya 70,000. Niliimaliza Jumamosi nzima, na sikuona hata ukurasa wa kupunguza.

Halafu kuna kiko cha tumbaku. Mwishoni kabisa Rand, akiwa hana tena uwezo wake wa zamani, anawaza tu kwamba kiko chake kinawaka, nacho kinawaka. Haielezwi kwa nini. Sanderson angeweza kutubunia sababu, na wasomaji wengi wangemshukuru. Hakuigusa.

Yule mtoto wa hadithi ya bibi aliingia ndani ya mbuyu, na mbuyu ukajifunga. Tulimuuliza mama mdogo kama alitoka, tukamsumbua usiku kucha. Alitujibu jambo lile lile kila mara: "Bibi yenu hakuniambia."