Reli ya Bububu ihukumiwe kwa mawe

Anayeitaja leo reli ya Bububu, iliyotoka mjini Unguja hadi kijiji cha Bububu, hutaja behewa la daraja la kwanza, lililounganishwa kwa ajili ya wageni waliokuwa wakishuka melini na kupelekwa kuona shamba, kisha humalizia kwa hukumu: kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney ilijenga njia ya maili 7 mwaka 1905, motokaa zikaja, na mwaka 1922 treni ikaacha kuchukua abiria. Kwa hesabu hiyo reli ilikuwa anasa iliyoshindwa.

Hukumu hii haikosi msingi. Njia ilipita ndani ya mji, karibu mno na milango ya watu, na wenyeji walilalamikia uzembe wa namna ilivyotandikwa. Mwenye nyumba ya makuti alikuwa na kila haki ya kuiogopa injini inayotema cheche. Tena maili 7 ni masafa madogo kwa motokaa, ambayo humfikisha mtu mpaka mlangoni kwake. Kwa abiria, basi, reli ilishindwa, na hapo sitaitetea.

Linalosahauliwa ni kuwa mwaka 1922 reli haikufa. Iliendelea kubeba mawe ya kujazia bahari katika kazi ya bandari, na hiyo ndiyo kazi iliyoifaa. Mawe yaliyomwagwa huwa na uzito wa karibu tani moja na nusu kwa kila mita ya ujazo. Tuchukue mfano wa kipande cha bahari chenye urefu wa mita 100, upana wa mita 50 na kina cha mita 4: kukijaza kunataka tani 30,000. Gari la ng'ombe likibeba nusu tani, hizo ni safari 60,000, na kila safari ina mtu wa kuyainua mawe kwa mikono, kuyapakia na kuyashusha, huku ng'ombe wakitota jasho na barabara ikichimbika. Treni haimwondolei hamali kazi ya kupakia, lakini humwondolea njia nzima. Jiwe hupanda mara moja na kushuka mara moja, ukingoni mwa maji. Sijui hoja ya uchumi inayoweza kulipuuza hilo.

 

Kweli, waliosumbuliwa na reli mitaani hawakuwa wale walionufaika na bandari, na dhuluma hiyo haifutwi na tani za mawe. Hata hivyo, abiria wa Pemba anayeshuka na kapu lake Malindi, bandarini Unguja, hukanyaga ardhi iliyokuwa bahari. Watakaoandaa maonyesho ya reli hii, pamoja na picha ya behewa la wageni, waweke na behewa la mawe.